Masharubu Rehani kwa Samaki Sita

Kiapo kiliapwa Jumamosi, saa nne asubuhi, mbele ya mashahidi saba, mmoja wao akiwa amenyolewa nusu kichwa na hivyo asingeweza kuondoka hata kama angetaka. Aliyeapa alikuwa kinyozi wa pale kona, mtu ambaye mtaa mzima ulimwita Masharubu. Sababu ya jina ilionekana kabla ya mwenyewe kuonekana. Akichungulia mlangoni, masharubu hutangulia, yeye hufuata.

Ugomvi ulianzishwa na Runinga, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, aliyepata jina hilo tangu alipotundika ukutani kwake televisheni pana kama mlango. Asubuhi hiyo alikuwa amekuja kuazima chupa ya spiriti. Mkaguzi wa afya alisemekana yuko mtaa wa pili, na siku kama hizo Runinga hushikwa ghafla na mapenzi makubwa ya usafi. Macho yake yakatua kwenye tangi la kioo lililokuwa kando ya kioo kikubwa cha kujitazamia. Ndani yake samaki sita, wadogo kama vidole gumba, walikuwa wakizunguka: mmoja waridi, mmoja kijani, mmoja njano, na watatu wa buluu iliyokolea.

"Samaki gani hawa, kama peremende?" Runinga akauliza. "Mmewapaka rangi ya kucha?"

Duka likacheka. Masharubu hakucheka. Samaki hao alikuwa amewanunua kwa shemeji yake mwenyewe, mdogo wa mkewe, mahsusi kupambana na televisheni, na kwa mwezi mmoja walikuwa wameipiga televisheni hiyo mabao mengi. Watu walikuja kunyolewa wakakaa hadi mchana wakitazama. Akauinua wembe juu, kama hakimu anayetaka kimya mahakamani.

"Nasema hivi, na mnisikie. Samaki hawa wamezaliwa na rangi zao. Waridi hii ni ya Mungu. Kijani hiki ni cha Mungu. Siku rangi hizi zikichuja, wewe Runinga uvuke barabara, uje uninyoe masharubu haya, kwenye kiti hiki, mbele ya wateja wangu!"

"Unisumbue mimi kwa nini? Jinyoe mwenyewe."

"Kinyozi hajinyoi," akajibu Masharubu. "Wahenga walilijua hilo, na hawakuwa na runinga."

Duka likacheka tena, safari hii upande wake, naye akarudi kwenye kile kichwa cha nusu akiwa mshindi.

Na ieleweke kwamba mtu huyu hakuwa na utajiri mwingine. Alikuwa na vitu viwili tu: masharubu yake, na maneno aliyoyaandika ukutani kwa mkono wake, kwa rangi nyekundu: WEMBE MMOJA, KICHWA KIMOJA. Kila mteja alifunguliwa wembe mpya mbele ya macho yake, karatasi ikichanwa taratibu kama bahasha ya matokeo ya mtihani. Wembe uliomaliza kazi ulizikwa kwenye kopo lenye kifuniko. Kwa maneno hayo ya ukutani Masharubu aliwasomesha watoto wawili shule ya bweni. Kwa maneno hayo hayo Mwalimu Mstaafu, mteja wake wa kwanza na wa kudumu, alikuja mara tatu kwa wiki, ingawa nywele alizobakiwa nazo zingeweza kuhesabiwa na mtoto wa chekechea.

Mwalimu Mstaafu ndiye aliyewapa samaki vyeo. Wa waridi alikuwa Mwenyekiti, wa kijani Katibu, wa njano Mweka Hazina, na wale wa buluu Wajumbe. Kwa pamoja waliitwa Kamati. "Ni kamati ya kwanza kuiona katika maisha yangu," alipenda kusema, "ambayo wanachama wake wote wanahudhuria."

Mwezi wa tatu tangu Kamati ifike dukani, Mweka Hazina akaanza kupungukiwa, jambo ambalo halikumshangaza mtu.

Njano yake ilianza kuondoka pembezoni, ikarudi nyuma kidogo kidogo kama nywele za Mwalimu. Wiki iliyofuata kijani cha Katibu kilikuwa kimebaki mstari mwembamba mgongoni. Pale rangi ilipotoka hapakuja rangi nyingine. Mwili ulikuwa mwangavu kama maji, na mifupa ilionekana ndani yake, myembamba kama meno ya kitana.

Masharubu alilitazama jambo hilo kwa macho ya fani yake. Kinyozi yeyote anajua kwamba jua huchujisha piko, ile rangi nyeusi ya kupaka nywele. Basi na taa je? Taa ya juu ya kioo ilikuwa inawaka mchana kutwa, bila shaka ndiyo mkosaji. Akachukua shuka safi la kunyolea, akalifunika tangi lote, akalibana kwa kibanio kule nyuma, kama anavyombana mteja shingoni. Ndani, pampu ya hewa ikaendelea kufanya kazi yake: brrr, brrr, brrr. Ikawa dukani sasa kuna mteja wa ziada, mfupi, asiye na kichwa, aliyefunikwa shuka jeupe, akikoroma.

"Kamati ina nini?" Mwalimu Mstaafu akauliza.

"Imelala."

"Saa tano hii ya mchana?"

"Mwalimu, hawa ni samaki wa kigeni. Kwao ni usiku."

Mwalimu Mstaafu alikuwa amefundisha jiografia miaka thelathini na mmoja. Alifungua mdomo, akaufumba. Kuna uongo mwingine mtu hausahihishi kwa sababu ya huruma.

Wengine hawakuwa na huruma hiyo. Jumatatu mteja mmoja, alipoona mwenye duka kaenda kuchota maji, aliinua pindo la shuka. Mwenyekiti alikuwa juu ya maji, ubavu mmoja juu, amefariki akiwa bado madarakani. Kwenye mapezi yake, na kwenye mapezi ya wenzake waliokuwa hai, vilikuwa vimeota vinundu vyeupe, kama unga uliokandwa vibaya.

Habari ikaondoka dukani bila kuaga. Saa saba ilisemwa kwamba kwa Masharubu samaki wana vipele. Jioni ilisemwa wana mba. Kufikia Jumanne asubuhi ilithibitishwa, na watu ambao hawakuwepo, kwamba samaki wa Masharubu wamenyonyoka nywele, na hakuna aliyejiuliza nywele hizo walizitoa wapi. Swali lililobaki kwenye midomo ya watu lilikuwa moja tu: ikiwa vidudu vya duka lile vimemshika samaki, ambaye anashinda majini, sisi wa nchi kavu tutapona?

Jumatano wakaja wateja watatu. Siku hiyo Mweka Hazina na Mjumbe mmoja wakamfuata Mwenyekiti. Alhamisi alikuja Mwalimu Mstaafu peke yake, akakaa kwenye kiti leso ikiwa puani.

"Ni mafua, Mwalimu?"

"Ni tahadhari, mwanangu."

Hilo likamchoma Masharubu kuliko yote. Kwa miaka mingi watu walikuja kwake kwa sababu ya tahadhari, na leo tahadhari inamkalia hapo hapo kwenye kiti chake, imeziba pua. Ng'ambo ya barabara benchi lilikuwa limejaa, na Runinga alitoka mlangoni akapiga kelele:

"Jirani! Nasikia Kamati imejiuzulu! Jumamosi nije na wembe, au umeyahamisha masharubu?"

Mchana ule Masharubu alimpigia shemeji yake simu kwa sauti ya chini, kama mtu anayenunua kitu cha magendo. Shemeji akacheka tu.

"Shemeji, hilo nalo ni tatizo? Kesho nakuletea sita wapya, rangi zile zile. Unamwaga wa zamani, unatia wapya, unaondoa shuka. Nani atajua? Samaki hana kitambulisho."

Nyumba yao ilikuwa nyuma ya duka, mlango mmoja tu katikati. Jioni hiyo mkewe alirudi kutoka zahanati, ambako kwa miaka ishirini na tisa alikuwa muuguzi wa chanjo, akiwaliza watoto kila siku kwa faida yao. Mama yake, yaani mama mkwe wa Masharubu, alikuwa ameketi sebuleni akichambua mchele. Macho yake yalikuwa hayaoni vizuri, na masikio yalifanya kazi zamu mbili.

"Mumeo amelifunika tangi," akasema mama mkwe. "Mwambie mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Mama, nipo hapa," Masharubu akasema.

"Najua upo, mkwe wangu. Ndiyo maana nimesema kwa sauti."

Muuguzi alitua mkoba wake. Alikwenda dukani, akafungua kibanio, akaondoa shuka. Akatoa mfukoni kioo cha kukuzia, kile anachosomea maandishi madogo ya kwenye chupa za dawa, akainama mbele ya Kamati iliyobaki: Katibu na Wajumbe wawili. Alikaa hapo kitambo kirefu. Masharubu alisimama nyuma yake kama mzazi anayesubiri zamu kwenye foleni.

"Hivi vinundu ni ugonjwa wa samaki kwa samaki," akasema mwishowe. "Mtu haumpati. Lakini njoo uangalie hapa mgongoni. Sogea, masharubu yako yanaziba."

Masharubu akasogea. Chini ya kioo, kwenye mgongo mwangavu wa Katibu, palikuwa na vidoa vitano vilivyopangana kama mshono.

"Amezaliwa navyo," akasema, ila kwa sauti ya kuuliza.

"Baba watoto. Mimi nimechoma sindano watoto wa mtaa huu wote, na wengine sasa ni baba zao. Alama ya sindano siijui? Samaki huyu amedungwa. Rangi ilitiwa ndani kwa bomba." Akanyoosha mgongo. "Masikini, kadude kenyewe hakafiki hata urefu wa sindano yangu."

Sebuleni mchele ukanyamaza.

"Nani kamdunga nani?" mama mkwe akauliza.

Mtu na mkewe walikuwa wakimfikiria mtu mmoja, naye alikuwa mtoto wa mwisho wa huyo aliyeuliza.

Shemeji alifika Ijumaa alasiri, anapiga mluzi, mkononi mfuko wa nailoni uliofura hewa na maji. Ndani yake mlikuwa na sita wapya, wamekolea rangi kiasi kwamba duka zima liling'aa. Masharubu akaushika mfuko. Kwa dakika nzima, na historia iandike ukweli, alitaka kuumwaga. Aliyaona masharubu yake yakiwa salama, benchi limejaa, Runinga akirudi kwake kichwa chini. Akafungua mpira wa mfuko. Akauinamisha juu ya tangi.

Ndipo alipoiona damu. Ilikuwa kidogo sana, nukta moja nyekundu ubavuni mwa samaki wa waridi. Mteja akitokwa na nukta kama ile, mkono wa Masharubu huenda wenyewe kwenye pamba.

"Shemeji," akasema, mfuko ukiwa bado hewani. "Hawa hudungwa?"

"Aa, kidogo tu. Mimi sifanyi, nachukua kwa mfugaji. Wanazaliwa hawana rangi hata chembe, nani atanunua kitu kama glasi? Kuna wanaodungwa, kuna wanaochovywa kwenye dawa ya kuwatoa ute halafu wanatiwa kwenye rangi. Hawa wa kudungwa ndio daraja la kwanza."

"Na wanapona wote?"

"Wote! Shemeji, hata darasani hawafaulu wote. Wanaopona ndio tunaowauza."

"Sindano," akasema Masharubu taratibu. "Sindano moja ni samaki wangapi?"

Shemeji akaona ni swali la kawaida la kibiashara, akalijibu kwa moyo safi:

"Inategemea na sindano yenyewe. Mpaka ivunjike."

Masharubu alibaki ameinua mfuko. Jicho lake lilipanda ukutani, kwenye yale maandishi mekundu aliyoyaandika kwa mkono wake, likashuka kwa Katibu na vinundu vyake. Miezi mitatu. Miezi mitatu alikuwa amekaa chini ya maneno yale, akijisifu, kando yake wanaogelea wagonjwa sita wa sindano moja.

"Mpaka ivunjike," akarudia.

"Shemeji, usinitazame hivyo. Nikiacha kuuza mimi, atauza mwingine."

"Njoo hapa!" Sauti ilitoka sebuleni. Shemeji alikuwa mtu mzima, mwenye duka na watoto wawili, lakini alikwenda kwa hatua za mtoto wa darasa la pili. Mlango ukafungwa. Yaliyosemwa na mama kwa mwanawe hayakusikika vizuri dukani, isipokuwa maneno machache yaliyorudiwa, miongoni mwao "nilikunyonyesha", "kiumbe" na "sikio lako hili". Alipotoka, sikio hilo lilikuwa jekundu kuliko samaki wake, na alikuwa ameahidi kutoagiza tena mzigo wa rangi. Sita wale aliondoka nao akawatunze hadi mwisho wao, na mama yake akaahidi kwenda kuwahesabu kila Jumapili. Macho hayakuwa kitu. Angewahesabu kwa kumuuliza.

Muuguzi alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo.

"Sasa kesho utawaambia nini watu?"

"Nitawaambia yaliyopo."

"Na masharubu?"

Masharubu akayashika, upande wa kulia, halafu wa kushoto, kama mtu anayeaga ndugu wawili kituoni.

"Niliapa," akasema.

Jumamosi saa nne duka lilijaa. Hawakuja kunyolewa. Walikuja kushuhudia, na baadhi yao walikuja na viti vyao. Shuka halikuwa kwenye tangi, lilikuwa shingoni mwa Masharubu, aliyeketi kwenye kiti chake mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu akinunue. Aliwaeleza yote: rangi, sindano, vinundu. Hakumtaja shemeji, ingawa kila mtu alikuwa akimtazama mlangoni, ameshika sikio. Muuguzi akathibitisha kwamba hakuna vidudu vilivyotoka dukani kwenda kwa samaki, wala vitakavyotoka kwa samaki kwenda vichwani.

"Kwa hiyo ulituapia uongo," akasema mmoja wa mashahidi, yule wa nusu kichwa.

"Niliapa nisilolijua. Na kwa kuwa leo ni siku ya kusema yote," hapa Masharubu akapumua, "masharubu haya nayo yana piko."

Duka likavuta pumzi. Mwalimu Mstaafu akaishusha leso.

"Lakini," akaendelea Masharubu, kidole juu, "mimi nilijipaka mwenyewe, kwa hiari yangu, mbele ya kioo. Samaki hakuulizwa."

Runinga akajitokeza katikati ya watu, ameoga, amejipuliza manukato, anatabasamu hadi kwenye magego. Siku hii alikuwa ameingoja. Akazunguka kiti mara moja, polepole, kila mtu amwone. Akatia mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa mpini wa wembe, akaufungua kwa mbwembwe. Halafu, kwa kuwa mkono una mazoea yake na hausubiri ruhusa ya mwenyewe, akaufuta wembe kwenye paja la suruali, mbele, nyuma.

Pampu ya tangi ikasikika: brrr, brrr.

"Jirani," Masharubu akasema kutoka chini ya shuka, shingo ikiwa imelalia kiti. "Huo wembe ni mpya?"

"Mpya kabisa. Wa juzi."

"Umeshanyoa vichwa vingapi?"

Runinga akacheka, kwa sababu aliona ni swali la kawaida la kibiashara.

"Nani anahesabu? Natumia mpaka ubutuke."

Hakuna aliyecheka naye. Kila mtu aliyekuwa amevuka barabara wiki ile alipeleka mkono kisogoni polepole, akajipapasa. Benchi zima lilikuwa likijipapasa. Yule wa nusu kichwa, ambaye wiki ile alikuwa amenyolewa kichwa kizima ng'ambo, alikaa chini.

Mwalimu Mstaafu ndiye aliyeinuka. Akaenda kwenye rafu, akachukua pakiti moja, akaichana mbele ya macho ya wote, taratibu, karatasi ikilia. Akauweka wembe mpya kwenye kiganja cha Runinga.

"Kichwa kimoja," akamwambia, kwa sauti ile ile iliyowatetemesha wanafunzi miaka thelathini na mmoja. "Nyoa. Halafu tupa kwenye kopo."

Runinga akanyoa, jasho likimtoka. Taulo likawa jeusi. Alipomaliza, Masharubu akakaa wima, uso wake umekuwa mpana na mtupu kama uwanja wa mpira siku ya mvua. Mama mkwe, aliyekuwa ameshikwa mkono na binti yake, alisogea akanyoosha kidole, akampapasa pale juu ya mdomo.

"Kumbe mkwe wangu ana mdomo wa juu!" akamwambia binti yake. "Miaka ishirini na miwili nilidhani uliolewa na wa chini peke yake."

Kicheko kilichotoka hapo kilisikika hadi ng'ambo, ambako televisheni ilikuwa ikijitangazia yenyewe. Watu wakapanga foleni, na foleni ikatoka nje ya mlango. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa yule wa nusu kichwa, ambaye hakuwa na hata unywele mmoja wa kunyolewa wiki hiyo. Alitaka tu kuchaniwa karatasi.

Mjumbe mmoja alikufa wiki iliyofuata. Muuguzi aliwabadilishia maji waliobaki kila baada ya siku mbili, kwa ukali ule ule wa zahanati, na vinundu vikapungua hadi vikaisha. Leo Kamati ina wanachama wawili, akidi ambayo Mwalimu Mstaafu anasema inatosha kwa kamati yoyote yenye nia njema. Hawana rangi hata chembe. Mteja akiwaangalia anaona mifupa, anaona chakula kinavyopita, na nyuma yao, yamepindwa kidogo na maji, anaona maandishi mekundu ya ukutani.

Masharubu yanaota tena, meupe. Kuna mteja mgeni aliyemshauri ayapake piko kidogo. Masharubu alimchania karatasi, akamfunga shuka, akamwambia asubiri kwanza awaulize samaki.